Chuo na Shule Chini ya Paa Moja

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya Kiislamu upande wa Kisauni, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Maamkizi ya mwanzo tumeyaacha.)



Katibu wetu amenitaka nieleze kazi ninayoifanya, nami nimeipokea heshima hiyo kwa furaha. Amenipa dakika ishirini. Wenye kuwajua walimu watanisamehe nikizidisha.

Kazi yangu ni kuongoza shule ya msingi ambamo mtoto husoma Qurani, fikihi na Kiarabu, na pia hisabati, Kiingereza, Kiswahili na sayansi, katika jengo moja, kwa ratiba moja na kengele moja. Shule za namna hii zimekuwa nyingi hapa Mombasa, na zipo Malindi, Lamu, Garissa na Nairobi, na baadhi yenu mna watoto au wajukuu humo. Lakini miongoni mwetu wapo wenzetu wasio Waislamu, tulioketi nao dawati moja na kula nao maharagwe ya sufuria moja, kwa hiyo yafaa nianze kwa kueleza shule hizi zilikusudiwa kuondoa taabu gani.

Mtoto wa pwani alikuwa na shule mbili. Asubuhi alikwenda skuli. Alasiri, na mara nyingi tena baada ya Magharibi, alikwenda chuoni. (Siku hizi ukisema chuo kijana hudhani chuo kikuu, nasema chuo kile cha ubao, wino na mkeka.) Jumamosi na Jumapili, wenzake wa bara walipokuwa wakicheza mpira, yeye alikuwa chuoni tangu asubuhi. Mwalimu wa skuli alimwona mtoto akisinzia, asijue usiku alilala saa ngapi. Maalim wa chuoni naye alimwona mtoto akikosea aya, asijue kwamba kesho yake ana mtihani wa jiografia. Walimu wawili hawa walikaa mtaa mmoja, wakaswali msikiti mmoja pengine, na hawakuwahi kukaa kitako wakazungumza juu ya mtoto yule. Kila mmoja alidai saa zake, na deni lote lililipwa na mtoto.

Mgawanyiko huu una historia. Serikali ya kikoloni ilifungua skuli ya watoto wa Kiarabu hapa Mombasa mwaka 1912. Kwa karne kadhaa kabla ya hapo Kiswahili cha pwani kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za maduka, wasia, tenzi. Mtoto aliyehitimu msahafu na kuweza kuandika jina la baba yake na babu yake hakuwa mtu asiyejua kusoma. Lakini mbele ya elimu mpya alihesabiwa kuwa sawa na aliyekuwa hajapata kuona herufi maishani, kwa kuwa alichokijua hakikuandikwa kuanzia kushoto. Nadhani hapo ndipo mzazi alipoingiwa na shaka, wala si kwa sababu alichukia elimu kama tulivyokuwa tukiambiwa. Alihisi kwamba nyumba mpya inajengwa kana kwamba kiwanja kilikuwa kitupu.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya toka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwaka 1932 alianza kutoa gazeti la kila wiki, Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili, na humo aliwasema Waislamu wenzake bila ya kuwaonea haya. Aliwahimiza waishike elimu ya kisasa wasije wakaachwa nyuma, na papo hapo akawaonya wasiitupe dini na lugha ya Kiarabu kwa tamaa ya kuiga Wazungu. Yeye mwenyewe aliathirika na fikra za wanachuoni wa Misri, akina Muhammad Abduh na Rashid Rida, ambao walikuwa na mjadala huohuo kwao.

Lakini msaada mkubwa uliokuja baadaye ulianzia juu. Mnalijua jengo lile la Tudor ambalo sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Lilianza kama Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, mpango wa mwaka 1948, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa za Mabohora na serikali ya Uingereza, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951 kujifunza ufundi. Ilikuwa kazi njema na imewalisha wengi. Hata hivyo mtoto wa miaka saba aliendelea kukimbia baina ya skuli na chuo kama mpira wa tenisi.

Mambo yalianza kubadilika chini, kwa wadogo kabisa. Mwaka 1986, baada ya wazee wa Kiislamu wa Mombasa kumwomba Aga Khan msaada, ulianzishwa mpango wa shule za chekechea za madrasa, ukiongozwa na mwalimu wa hapahapa, Bi Swafiya Said. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jambo lililonivutia mimi si majengo, kwani mara nyingi lilitumika jengo la madrasa lililokwishakuwapo. Walichukuliwa wanawake wa mtaani, wakafunzwa kazi ya kulea na kusomesha watoto wadogo, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vya hapa: makombe ya pwani, vifuu, mbegu, vitambaa. Yule aliyemfundisha mtoto sura ya Ikhlas ndiye aliyemfundisha kuhesabu makombe. Mtoto hakuona mpaka wowote kati ya mambo hayo mawili, kwa sababu yalitoka katika kinywa kimoja.

Sasa nije kwenye shule ya msingi, ambako kazi ni ngumu zaidi. Watu huniuliza, "Mwalimu, mnachanganyaje?" Wengine hudhani tunabandika aya juu ya kila somo. Nimepata kuona vitabu vya namna hiyo. Katika hisabati, badala ya maembe matatu, Ali ana tasbihi tatu. Akipewa tasbihi mbili anazo tano. Basi, eti hisabati imesilimu! Huo si mseto. Kujumlisha tasbihi hakumfunzi mtoto dini, na wala hakumfunzi kujumlisha kuliko maembe.

Nitawapa mfano wa kitu ninachokiita mseto wenyewe. Katika elimu ya mirathi Qurani imetaja sehemu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke hupata thumni, mama sudusi, na kilichobaki ni cha mtoto. Hapo mwalimu wa hisabati anatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6, nacho ni 24. Mke sehemu 3, mama sehemu 4, mtoto sehemu 17. Ikiwa marehemu ameacha shilingi 240,000, mtoto wa Gredi ya 6 atakwambia mara moja: elfu 30, elfu 40, na laki moja na elfu 70. Ametoka kufanya hesabu za sehemu, na ametoka kusoma dini, na hawezi kukuonyesha mstari ulipo baina yao.

Utamu huzidi pale hesabu inapokataa. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume hupata nusu, na dada wale hupata theluthi mbili. Jumlisheni. Tumepata 7 juu ya 6! Mali haitoshi. Watoto hupiga kelele kwamba mwalimu amekosea. Ndipo ustadhi anapowasimulia kwamba jambo hili lilitokea zama za Sayyidna Umar, na ufumbuzi wake ukawa ni kuifanya asili ya hesabu iwe 7 badala ya 6, kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake: mume 3 na dada 4. Na wanaambiwa pia kwamba Ibn Abbas hakukubaliana na njia hiyo. Watoto hubishana mpaka kengele inalia, na mimi huwa sina haraka ya kuipiga. Baadaye wanaelezwa kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra kule Baghdad katika karne ya 9, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za mirathi na wasia. Hapo aljebra haiji tena kama mgeni kutoka ng'ambo.

Jiografia nayo ina yake. Fungueni atlasi mtazame: Makka na Mombasa zimekaa karibu katika longitudo moja, zote baina ya nyuzi 39 na 40 mashariki. Basi sisi kibla chetu ni kaskazini, takriban sawasawa na ncha ya dira. Mtu wa Karachi huelekea magharibi na mtu wa London kusini-mashariki. Mtoto akishaulizwa kwa nini wote hawa wako sawa, hatasahau tena kwamba dunia ni tufe. Ama mwezi na bamvua la bahari, watoto wa wavuvi ndio hutufundisha sisi.

Mifano hii lakini haijazi wiki. Somo la kitenzi cha Kiingereza ni somo la kitenzi cha Kiingereza, na hifdhi ya Qurani ni hifdhi, haina njia ya mkato. Tatizo kubwa katika ratiba ni asubuhi. Hifdhi yataka akili iliyolala vizuri, na hisabati vilevile. Sisi tumechagua kuanza kwa Qurani, na watoto hugawanywa kwa kiwango cha usomaji wao, si kwa gredi, hata utamkuta mvulana mrefu wa Gredi ya 7 kakaa na mdogo wake aliyemtangulia juzuu mbili. Mwanzoni wazazi waliona ni fedheha. Sasa wamezoea, na mvulana mwenyewe hukazana.

Katika zama za mtihani wa darasa la nane, uliofanywa toka 1985 hadi 2023, shule hizi zilikuwa na ugonjwa mmoja ambao kila aliyefundisha humo anaujua. Ikifika muhula wa pili, vipindi vya Qurani viliazimwa na hisabati, na mkopo ule haukulipwa. Shule iliyojitangaza kuwa ya dini na dunia ilimaliza mwaka ikiwa ya dunia tu, kwa sababu matokeo ya mtihani ndiyo yaliyoandikwa gazetini. Mtaala mpya ulipoanza mwaka 2017 nilitaraji homa hiyo itashuka. Imeshuka kidogo, ila mzazi wa Mombasa bado anataka kuambiwa mtoto wake ni wa ngapi.

Bwana Mwenyekiti, sasa nataka kusema jambo lililonileta hapa, nalo ni la walimu.

Ukiingia katika shule ya namna hii, usitazame kwanza ratiba. Tazama chumba cha walimu. Katika shule nyingi nilizozuru viko viwili. Kimoja kina meza, viti na birika la chai, na humo wamo walimu wa masomo ya mtaala, waliosajiliwa na Tume ya Walimu. Kingine kina mkeka, na humo wamo maustadhi, ambao vyeti vyao vya madrasa, hata vile vya kutoka vyuo vikubwa vya Uarabuni, havitoshi kuwapatia usajili huo. Mshahara wa wa mkekani ni mdogo kuliko wa mezani. Kwa hiyo jioni ustadhi hupita nyumba kwa nyumba kusomesha ili apate unga, na asubuhi hufika amechoka.

Mtoto naye ni mpelelezi. Haambiwi, lakini anaona nani huitwa kwenye kikao na nani haitwi. Anaona nani hubadilishwa kila muhula bila ya kuagwa. Unaweza kumhutubia mwaka mzima kwamba elimu zote ni za Mwenyezi Mungu, naye atakusikiliza kwa heshima, kisha atachagua ile ya mezani. Tumejenga paa moja, tukaweka ukuta katikati, kisha tukastaajabu kwa nini chuo na skuli vingali mbalimbali.

Sisemi kwamba maustadhi wote wameonewa. Wapo ambao hawajapata kufunzwa namna ya kusomesha, na silaha yao ni bakora tu. Zamani mzazi alimkabidhi mtoto kwa maalim akimwambia nyama ni yako, mifupa ni yangu. Adhabu ya viboko imepigwa marufuku katika shule zetu tangu 2001, na sheria haikuwatenga walimu wa Qurani. Kwetu, ustadhi hukaa darasani nyuma ya mwalimu wa hisabati kumtazama anavyopanga somo, na mwalimu wa hisabati hukaa nyuma ya ustadhi. Yule wa hisabati ni Mkristo kutoka Taita, na ndiye aliyenieleza kwamba wale watoto waliozoea kusoma kwa irabu, herufi na fatha yake, herufi na kasra yake, huvunja silabi za Kiswahili kwa wepesi. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote, ikabidi tuonyeshwe na mgeni.

Kamati yetu iliamua mishahara iwe sawa kwa miaka sawa ya kazi. Karo ikapanda. Wazazi kadhaa wakawahamisha watoto. Hapo ndipo ninapokosa usingizi, maana elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada tangu Januari 2003, lakini shule zetu ni za binafsi na hutegemea karo. Chuo cha zamani kilimpokea mtoto wa hamali kwa vijisenti vya kila wiki, na asiyekuwa navyo alichota maji au kufagia ua. Leo mwenye uwezo ndiye anayempeleka mtoto mahali chuo na skuli vilipopatana, na mtoto wa hamali anaendelea kukimbia baina ya viwili vile kama tulivyokuwa tukikimbia sisi.

Iko hoja nyingine, nami naiogopa kuliko hiyo ya fedha. Rafiki yangu mmoja wa bweni, yumo humu ukumbini, aliniuliza mwaka jana: "Sisi tulijuana kwa sababu tulichanganywa. Wewe unamchukua mtoto wa Kiislamu tangu ana miaka minne unamweka na Waislamu wenzake mpaka ana miaka kumi na minne. Atanijua mimi lini?" Nilimjibu kwamba walimu wetu wamo Wakristo, kwamba tunacheza mpira na shule za jirani, kwamba mtoto anayejiamini katika dini yake hamwogopi mwenziwe. Yote ni kweli. Lakini dawati moja ni dawati moja, na mpira wa Jumamosi si badala yake. Mzazi mwenzangu aniambiaye kwamba hasara hiyo haipo, simwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto yule ataletwa hapa, katika sekondari kama hii, na afadhali aje akiwa na usingizi wa kutosha na dini aliyoifahamu, kuliko kuja amechoka na dini aliyoikariri. Nyinyi vijana mtuambie kama wanaotoka shule zetu wanachangamana nanyi au wanakaa peke yao mezani. Nataka jawabu la kweli, hata likiwa chungu.

Basi naja kwa chama chetu. Katika kumbukumbu za mkutano uliopita yako mapendekezo kwamba akiba yetu ijenge ukumbi mpya, wenye jiwe la majina mlangoni. Mimi napinga, na naomba nipinge mbele yenu kuliko barazani. Ukumbi huu tulio ndani yake hauvuji. Natoa mapendekezo mawili badala yake. La kwanza, msaada wetu wa karo, ambao hivi sasa huanzia sekondari, uteremke uwafikie watoto wa msingi wasio na uwezo, wa dini yoyote, katika shule yoyote nzuri ambayo mzazi amechagua. Wenzetu Wakristo wana shule zao za kanisa zenye taabu hiihii, nao wasiachwe nje. La pili, fungu moja litengwe kila mwaka kumsomesha mwalimu mmoja wa mtaani, awe ustadhi au mwalimu wa chekechea, apate stashahada ya ualimu itakayomwezesha kusajiliwa. Mmoja kwa mwaka. Jina lake halitaandikwa juu ya jiwe, na la mfadhili pia halitaandikwa.

Najua Mweka Hazina ameanza kukunja uso. Hesabu nimezileta katika karatasi, nakala ziko mlangoni, na jambo hili liko katika ajenda ya saa nane, baada ya chakula. Anayetaka kuiona shule kwa macho yake na afike siku yoyote ya kazi kabla ya saa mbili asubuhi, wakati wa vipindi vya Qurani. Asikatishwe tamaa na kelele, watoto mia wakisoma kwa sauti moja ndivyo walivyo.